Msiba mmoja, watoto wanne: kwa nini umri wa mtoto unakuja mbele ya swali letu



Nianze na kosa langu mwenyewe. Wakati nilikuwa nafanya staji ya mwisho wa masomo, niliwekwa mbele ya mtoto wa kike wa miaka minne na nusu. Mama yake alikuwa amekufa kwa Ebola wiki tatu nyuma. Mimi, na daftari yangu mpya, nikamuuliza kama vile nilivyofundishwa kuuliza watu wakubwa: "Unajisikia namna gani tangu mama alipokufa?" Mtoto akanitazama. Nikauliza tena. Akashuka kwenye kiti, akaenda kukaa chini, akachukua kifuniko cha chupa, akakifunika na udongo. Akakifunua. Akakifunika tena. Akakifunua. Nikaandika kwenye karatasi: "Mtoto anakataa kushirikiana."

Msimamizi wangu, mama mmoja mwenye miaka mingi katika kazi hii, akasoma ile sentensi, kisha akanirudishia karatasi. "Mwanangu, nani hapa alikataa kushirikiana? Huyu mtoto amekujibu mara kumi na mbili. Wewe njo haukusikia."

Siku ile nilielewa kitu ambacho mitihani yote ya saikolojia ya ukuaji haikunifundisha. Tunajifunza hatua za Piaget kama vile tunajifunza majina ya mito: tunakariri, tunapata alama, tunasahau. Hatuambiwi kwamba zile hatua ni chombo cha kazi. Zinakuambia mtoto aliye mbele yako anaweza kuelewa nini, atakujibu kwa lugha gani, na ukimya wake una maana gani. Makala hii inataka kusema jambo moja tu: msiba mmoja ukiingia katika nyumba yenye watoto wanne wa umri tofauti, hiyo ni misiba minne. Na tiba ni nne.

Wengi wetu tuliishi ile miaka, lakini wadogo zetu wanaoingia iniversite leo walikuwa watoto wakati ule. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ilipoonekana Mangina, katika teritware ya Beni. Ilitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Katikati ya siku hizo mbili, watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini, wengine Ituri. Na huko Beni msiba haukuanza na Ebola: mauaji ya raia yalikuwa yanaendelea tangu Oktoba 2014. Kwa hiyo mtoto aliyefika kwetu mwaka 2019 mara nyingi alikuwa amekwisha kukimbia usiku, amekwisha kuona nyumba ikiungua, kiisha ndipo Ebola ikaja kuchukua mama.

Yule mtoto wa kifuniko alikuwa na ndugu watatu: kitoto cha miezi kumi, kaka wa miaka minane, na yaya wa miaka kumi na minne. Nimebadilisha alama kadhaa ili nyumba hiyo isitambulike. Tuwatazame mmoja mmoja.

Kitoto cha miezi kumi: tiba yake ni mikono

Mtu atasema: huyu hajui kitu, atasahau. Hilo ni kosa la kwanza.

Piaget alionyesha kwamba katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza mtoto anaanza kuelewa kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Kabla ya hapo, kisichoonekana ni kama hakiko. Sasa fikiri: kitoto cha miezi kumi kimeanza tu kujua kwamba mama akitoka, mama yuko mahali fulani, na atarudi. Kinamtafuta kwa macho, kinatambaa hadi mlangoni. Na wakati ule ule mama harudi. Hakina neno hata moja la kusema hivyo. Mwili njo unasema: hakinyonyi chupa, hakilali, kinapungua kilo.

Mwingereza John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani mwaka 1951, akisema kwamba mtoto mdogo anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mtu mmoja anayemlea, kama vile anavyohitaji chakula. Yeye na mwenzake James Robertson walitazama watoto waliotengwa na wazazi hospitalini, wakaona hatua tatu. Kwanza mtoto analia na kupigana. Kisha anakata tamaa, ananyamaza. Mwishoni anaonekana ametulia, anapokea kila mtu, hata hajali mama akija. Wauguzi wa wakati ule walifurahi na hiyo hatua ya tatu, wakasema "amezoea". Robertson akasema hapana, huyu hajazoea, huyu amefunga mlango. Wandugu, tulikuwa na watoto wa namna hiyo Beni na Butembo. Mtoto mtulivu siyo lazima mtoto aliyepona.

Hapa kwetu kulifanyika kitu ambacho kinastahili kufundishwa katika kila darasa la saikolojia. Mama akiingia kwenye kituo cha matibabu ya Ebola, kitoto chake ambacho hakijaugua kilipaswa kutengwa naye na kufuatiliwa siku 21. Nani atakibeba? Mtu aliyevaa mavazi ya plastiki, miwani na maski hawezi kukipa uso. UNICEF na washirika wake wakafungua nyumba za kulelea watoto kando ya vituo, Beni na kisha Butembo, na walezi walikuwa watu waliopona Ebola. Waliopona walikuwa na kinga mwilini, kwa hiyo waliweza kubeba watoto, kuwaogesha, kuwaimbia bila kuogopa kama wengine. Yule mama ambaye mtaani watu walimkimbia ju alitoka kwenye kituo, huku njo alikuwa mikono ya pekee iliyoweza kumshika mtoto. Hiyo siyo huduma ya ziada tu. Ukisoma Bowlby, utaona kwamba hiyo ilikuwa tiba yenyewe.

Shida ya kitoto chetu ilikuja baadaye. Kilitoka mikononi mwa mlezi, kikapelekwa kwa shangazi, shangazi akasafiri, kikaenda kwa mama mdogo, kisha kwa mukaka, nyanya yake. Mikono minne katika miezi miwili. Msimamizi wangu hakufanya kikao hata kimoja na hicho kitoto. Alifanya vikao vitatu na watu wakubwa wa familia, mpaka wakakubaliana: kitoto hiki kinabaki kwa mukaka, na wengine wote wanakuja kusaidia pale kwake, hakuna tena kukihamisha. Usimdharau mwanasaikolojia anayefanya kazi ya namna hiyo. Anatumia nadharia vizuri kuliko anayeitaja.

Mtoto wa miaka minne: "Mama amesafiri"

Turudi kwa mtoto wa kifuniko. Nyumbani walimwambia kwamba mama amesafiri. Sisi wote tunajua sentensi hiyo. Tunaisema kwa huruma. Lakini ebu tusikie na masikio ya miaka minne.

Katika umri huu, kati ya miaka miwili na saba, Piaget anasema mtoto anafikiri kwa picha na kwa mchezo, lakini bado hawezi kushika mantiki ya mtu mkubwa. Vitu vitatu vinatuhusu. Cha kwanza: anachukua maneno jinsi yalivyo. Aliyesafiri anarudi, tena anarudi na zawadi. Kwa hiyo kila moto iliyosimama mbele ya nyumba, mtoto alikimbia kutazama. Cha pili: kifo kwake hakijawa mwisho. Maria Nagy, aliyeuliza watoto wa Budapest na kuchapisha kazi yake mwaka 1948, aliona kwamba wadogo wa miaka mitatu hadi mitano wanafikiri kifo ni kama safari au usingizi. Wengi wanaanza kushika kwamba aliyekufa harudi kati ya miaka mitano na saba. Cha tatu, na hiki njo kinaumiza zaidi: mtoto anajiona katikati ya kila kitu kinachotokea. Kama alimkasirikia mama asubuhi, na jioni mama akachukuliwa na gari, basi hasira yake njo ilimchukua mama.

Unaona sasa kifuniko? Mtoto huyu aliona kwa mbali watu wenye mavazi meupe wakiweka kitu ndani ya shimo na kukifunika. Hakuna aliyemweleza. Akaambiwa mama amesafiri. Kwa hiyo alikuwa anafanya utafiti wake mwenyewe: kinachofunikwa, kinarudi ao hakirudi? Na mimi niliandika kwamba anakataa kushirikiana.

Katika umri huu lugha ya tiba ni mchezo. Si lazima uwe na sanduku la vitu vya Ulaya. Udongo wa kufinyanga, mwanasesere wa majani ya mgomba, vijiti, makaa ya kuchora, chukudu ndogo ya mti: mtoto wa Butembo anajua kusema kila kitu kwa hivyo. Kazi yako ni kukaa chini, kwa mkeka, kumfuata yeye, na kusema kwa sentensi fupi kile anachoonyesha. Na neno "kufa" litamkwe. "Mama amekufa. Mwili wake hauli tena, haupumui, hausikii baridi. Hatarudi. Si wewe uliyefanya hivyo. Ni ugonjwa." Atauliza tena kesho, na keshokutwa. Hakuuliza ju hakusikia. Anauliza ili aone kama jibu limebaki lile lile.

Onyo moja. Kuna mchezo unaoponya na kuna mchezo unaozunguka tu. Mmarekani Lenore Terr, aliyefuata watoto waliotekwa ndani ya basi la shule huko Chowchilla, California, mwaka 1976, aliona watoto wanaorudia mchezo ule ule bila furaha, bila mwisho mpya, na wanatoka wakiwa na hofu zaidi. Watoto wetu wanaocheza "waasi na askari" katika makambi ya waliokimbia, wengi wanacheza tu. Lakini ukiona mmoja ambaye kila siku anakufa mahali pale pale kwenye mchezo, na uso umekauka, ingia polepole: leta gari la wagonjwa, leta mlango wa kutokea, uliza "nani anaweza kumsaidia huyu?" Hapo mchezo unaanza kusonga.

Kijana wa miaka minane: anataka kujua hasa hasa

Kaka yake alikuwa kinyume kabisa. Aliuliza maswali mpaka familia ikachoka, wengine wakasema hana heshima kwa marehemu. Mama aliwekwa wapi? Ndani ya nini? Kwa nini hawakumwosha? Nani alisaini? Ile dawa waliyomwekea ilikuwa rangi gani?

Kati ya miaka saba na kumi na moja, mtoto anashika mantiki, lakini mantiki ya vitu vinavyoshikika: mpangilio, hesabu, sababu na matokeo. Anajua sasa kwamba kifo hakirudi nyuma na kwamba kila mtu atakufa. Kinachomtesa ni mlolongo wenye mashimo. Na asipopewa ukweli, anajaza mashimo yeye mwenyewe. Huyu wetu alikuwa amefanya hesabu hii: mimi nilirudi shuleni na homa Jumatatu, mama alinilaza karibu naye, mama aliugua Alhamisi, kwa hiyo mimi njo niliua mama. Homa yake ilikuwa malaria. Hakuna mtu mkubwa aliyejua kwamba amebeba hesabu hiyo kwa miezi miwili, ju hakuna aliyemwuliza anafikiri ugonjwa ulitoka wapi.

Ona tofauti: mdogo wake alijihukumu kwa uchawi wa hasira, yeye alijihukumu kwa mantiki. Ukimwambia "si kosa lako" kama unavyomwambia wa miaka minne, hataamini. Anataka uthibitisho. Msimamizi alimwita muuguzi mmoja, wakakaa pamoja na karatasi, wakapanga siku kwa siku: Ebola inaingia mwilini, inakaa kati ya siku 2 na 21 kabla ya dalili, mtu asiye na Ebola hawezi kumwambukiza mwingine Ebola, na kipimo chako kilikuwa hiki. Kijana alihesabu na vidole, akahesabu tena. Kisha akalia kwa mara ya kwanza.

Kwa umri huu kuna njia moja ambayo inafaa sana na haigharimu kitu: kamba ya maisha. Unaweka kamba chini, mwanzo wake ni kuzaliwa. Mtoto anaweka maua mahali pa furaha na mawe mahali pa uchungu, kisha anasimulia jiwe moja moja kwa utaratibu, na wewe unaandika historia yake. Wanasaikolojia wa Ujerumani pamoja na wenzao wa Uganda walitumia namna hiyo na watoto wakimbizi wa Kisomali katika makazi ya Nakivale, si mbali sana na sisi. Inafanya kazi ju inaheshimu akili ya umri huo: kitu cha kushika, mpangilio, mwanzo na mwisho. Na mwisho wa kamba unabaki umekunjwa, haujafunguliwa. Hayo ni maisha ambayo bado yanakuja. Watoto wanaipenda sana sehemu hiyo.

Yaya wa miaka kumi na minne: anayesifiwa na wote

Huyu hakuletwa kwetu. Kila mtu alimsifu: ameamka mapema, amepika bugali, amefua, amewapeleka wadogo shuleni, hajalia. "Ni mama kabisa huyu." Msimamizi wangu aliposikia hivyo alisema: "Basi huyu njo nataka kumwona."

Baada ya miaka kumi na moja ao kumi na miwili, akili inaweza kufikiri mambo yasiyoonekana: haki, siasa, Mungu, "ingekuwa namna gani kama". Erik Erikson, aliyeeleza maisha ya mtu katika hatua nane, alisema kazi kubwa ya kijana ni kujibu swali "mimi ni nani?" Sasa yaya huyu alipewa jibu kabla ya kuuliza: wewe ni mama wa nyumba. Shule aliiacha bila mtu kutangaza kwamba ameiacha.

Na alikuwa na hasira ambayo mdogo wake hawezi kuwa nayo. Alisikia kila kitu kilichosemwa mtaani: kwamba Ebola ni biashara ya riposti, kwamba uchaguzi wa Desemba 2018 ulisogezwa hadi Machi 2019 huku kwetu Beni na Butembo ju ya Ebola na usalama, wakati nchi ilikuwa tayari na rais. Kifo cha mama kwake hakikuwa ugonjwa tu, kilikuwa dhuluma. Kwa umri huu ukija na wanasesere unamtukana. Ukija na maneno ya Biblia ya haraka haraka unamfunga mdomo. Anahitaji mtu mkubwa anayeweza kusikiliza hasira yake bila kuogopa na bila kuichochea. Tunajua wote wavulana wa umri huo wanakwenda wapi wakikosa mtu kama huyo. Msitu hauko mbali.

Kijana anahitaji pia wenzake. Kikundi kinamfaa kuliko ofisi. Mwaka 2013 watafiti wa Queen's University ya Belfast walichapisha majaribio waliyofanya mashariki mwa Congo na wasichana 52 wa miaka 12 hadi 17 waliopitia ukatili wa kingono: vikao 15 vya kikundi, vyenye kazi ya kutuliza mwili, kutambua mawazo na kusimulia yaliyotokea. Waliopata vikao walipungukiwa sana na dalili za kiwewe kuliko waliokuwa wanasubiri zamu. Mbinu zile zinategemea uwezo wa kutazama wazo lako mwenyewe na kulijadili. Kwa msichana wa miaka kumi na minne, sawa. Kwa mdogo wake wa miaka minne, ni kama kumpa suruali ya baba.

Mtoto akirudi nyuma

Kitu kimoja kinachotisha wazazi: mtoto wa miaka minane anaanza kukojoa kitandani, wa minne anaomba kunyonya, mwingine anasahau maneno. Katika nyumba nyingi hapo fimbo inatoka, ao mtu anaanza kunong'ona kuhusu uchawi. Anna Freud, aliyelea watoto London chini ya mabomu wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, aliandika kwamba watoto wanarudi nyuma katika ukuaji wao wakitengwa na wazazi, na kwamba kutengwa huko kuliwaumiza kuliko mabomu yenyewe. Mtoto anarudi kwenye umri ambao alikuwa salama. Ni kama mtu aliyepotea njia msituni: anarudi mpaka mahali anapopajua. Ukimpiga pale, unamfukuza na mahali hapo pia. Ukimpokea, atatembea tena mbele. Lakini ikiendelea miezi mingi, ao mtoto hali kabisa, ao anasema anataka kumfuata mama, usikae na hiyo peke yako: peleka hospitali, tafuta aliye na uzoefu kuliko wewe.

Vitabu vya Geneva na nyumba za Butembo

Mwenzangu mmoja ataniuliza: mbona haya yote ni ya wazungu? Swali ni la haki, na jibu lina pande mbili.

Upande wa kwanza: si kweli kwamba yote yalitoka mbali. Mary Ainsworth, ambaye jina lake linasimama pamoja na Bowlby kila unapotajwa mfungamano wa mtoto na mlezi, alianza kutazama watoto katika vijiji vya Waganda karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, katika familia 26. Kitabu chake cha mwaka 1967 kinahusu Uganda. Alijifunza kwa akina mama wa hapa jirani kwanza, ndipo akaenda Baltimore.

Upande wa pili: miaka ya vitabu siyo sheria. Profesa Bame Nsamenang wa Kamerun alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Afrika ina hatua zake za ukuaji, na kipimo chake ni majukumu: mtoto anapewa nini cha kufanya kwa ajili ya wengine, na anakifanya namna gani. Kwetu mtoto wa miaka saba anabeba mdogo wake mgongoni, anajua bei ya mkaa sokoni. Ukimpima na maswali ya shule tu, utasema yuko nyuma. Ukimpima na kazi anayoaminiwa, utaona yuko mbele. Na kitoto cha Butembo hakina mikono ya mama peke yake: kuna mukaka, kuna shangazi, kuna yaya. Hiyo ni nguvu kubwa msiba ukija, mradi mikono hiyo isimpokezane kama mpira.

Kwa hiyo nadharia ni taa, siyo rula. Inakuonyesha mahali pa kutazama. Anayekuambia mtoto amefika wapi ni mtoto mwenyewe, na mukaka wake.

Sasa wewe, unafanya nini?

Wengi wanaosoma ukurasa huu ni walimu, wauguzi, wanafunzi wa saikolojia, ao ni yaya wa mtu nyumbani. Hatuwezi wote kuwa watabibu. Lakini kabla ya kumwuliza mtoto aliyefiwa swali lolote, jiulize matatu. Mtoto huyu, kwa umri wake na maisha yake, anaelewa kifo namna gani? Lugha yake ni ipi: mwili, mchezo, hesabu, ao majadiliano? Na nani nyumbani atabaki naye mimi nikienda? Ukikosa jibu la swali la tatu, yale mawili ya kwanza hayatasaidia sana.

Nimalizie na kifuniko. Kikao cha tatu nilikuja bila daftari, nikakaa chini. Mtoto akafunika kifuniko chake, akangoja, akaniangalia: "Hatoki?" Mukaka alikuwa mlangoni. Nilimtazama, naye akainamisha kichwa, maana yake sema. Nikasema: "Mama hatoki. Amekufa. Wewe haukufanya kitu kibaya." Mtoto alilia kwa muda mrefu kwenye mapaja ya mukaka wake. Kisha akaomba bugali. Tangu siku ile, mukaka alituambia, hakukimbilia tena moto zinazosimama mbele ya nyumba.

Karatasi yangu ya kwanza ningali nayo. Nilifuta sentensi moja, nikaandika nyingine: "Mtoto anauliza kama waliofunikwa wanarudi. Bado hajajibiwa."